Kabla ya Kuwapandisha Watoto Baiskeli Hell's Gate

Familia inayokusudia kuzuru Hell's Gate, karibu na Naivasha (jina la hifadhi lisitutishe), yafaa itazame njia kwanza. Kutoka lango la Elsa hadi korongo la Ol Njorowa ni barabara pana ya vumbi na changarawe. Kwenda ni mteremko wa taratibu. Kurudi ni kupanda, tena jua likiwa kali, basi nguvu za mtoto tuzipime kwa safari ya kurudi. Njia ya mzunguko ya Buffalo hupanda vilima, nayo twawaachia wazoefu wenye matairi mapana na breki imara. Nyati tusiwasogelee. Korongoni tusiingie mvua inaponyesha, hata mbali: Septemba 2019 mafuriko ya ghafla yaliua watu 7 humo.