Fundi Aliyeanza Upya: Habari za Kawase Hasui wa Japani

Mtu akiunguliwa na kazi ya miaka mingi kwa siku moja, ataanzia wapi tena? Swali hilo lilimpata Kawase Hasui, mchoraji wa Japani, alipokuwa na umri wa miaka 40. Basi, wasomaji, sikilizeni habari zake.

Hasui alizaliwa mjini Tokyo mwaka wa 1883, na jina la kwao ni Bunjiro. Baba yake alikuwa mfanya biashara wa nyuzi na kamba za kusuka, akataka mwanawe airithi kazi ile. Kijana akatii, lakini moyo wake ulikuwa katika kuchora. Biashara ilipodhoofika, naye amekwisha pita miaka 25, alimwendea mchoraji mashuhuri, Kaburagi Kiyokata, akamwomba amfundishe. Mwalimu akakataa, akamshauri ajifunze kwanza uchoraji wa Kizungu, maana umri wake ulikuwa mkubwa mno kuanza mtindo wa kale. Hasui hakununa. Alikwenda akajifunza kama alivyoshauriwa, na baada ya kama miaka miwili akarudi kubisha mlango ule ule. Safari hii alipokewa, akapewa jina la Hasui, maana yake kama maji yabubujikayo katika chemchemi.

Mwaka wa 1918 aliona picha za Ziwa Biwa zilizotolewa na mwenzake, Ito Shinsui. Hazikuchorwa kwa brashi juu ya karatasi moja, bali zilipigwa chapa kwa mbao. Zilimpendeza sana, akamwendea mwenye kuzitoa, Watanabe Shozaburo, wakaanza kazi pamoja.

Kazi yenyewe si ya mtu mmoja. Mchoraji huchora picha. Mchongaji huigandisha karatasi nyembamba yenye mistari ya picha juu ya ubao wa mcheri, uso wake chini, kisha huchonga pande zote za mistari hata mistari ibaki imeinuka. Kila rangi huhitaji sehemu yake iliyochongwa, kwa hiyo picha moja hutaka mbao kadha wa kadha. Ndipo huja zamu ya mpiga chapa. Hupaka ubao rangi ya maji pamoja na gundi kidogo ya mchele, hulaza karatasi yenye unyevu, kisha huisugua mgongoni kwa kisuguo cha mviringo kilichofungwa ganda la mwanzi. Karatasi ile ile hupita juu ya mbao mara ishirini na zaidi, rangi baada ya rangi. Katika pembe ya kila ubao huchongwa alama ya kuwekea karatasi, kwani ikisogea kidogo tu picha imeharibika. Wa nne ni mwenye kulipia gharama na kuuza, naye ndiye Watanabe. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Hasui alikuwa na macho mabovu, akivaa miwani minene, lakini alipenda kusafiri. Alizunguka vijijini na pwani akichora katika madaftari yake, na jioni, katika nyumba ya wageni, akitia rangi. Hakutafuta mambo makubwa. Alichora mvua ya usiku, theluji juu ya mapaa, mwezi nyuma ya misonobari, au mtu mmoja arudiye kwake na mwavuli.

Tarehe 1 Septemba 1923, karibu saa sita mchana, nchi ilitetemeka. Watu wengi walikuwa wakipika chakula, na moto wa majiko ukaenea mjini. Zaidi ya watu 100,000 walikufa katika Tokyo, Yokohama na sehemu za jirani. Karakana ya Watanabe iliteketea pamoja na mbao zake zilizochongwa. Nyumba ya Hasui nayo iliungua, na ndani yake madaftari 188 ya michoro, kazi ya safari zake zote.

Watanabe, ambaye naye amepoteza mali, hakumwacha rafiki yake akae na huzuni. Alimhimiza asafiri tena. Mwaka ule ule Hasui alifunga safari, akazunguka nchi kwa zaidi ya siku 100, akarudi na madaftari mapya. Mwaka wa 1925 ikatoka picha ya hekalu la Zojoji, mjini Tokyo: lango jekundu, theluji inapeperushwa na upepo, na mwanamke ameinama chini ya mwavuli wake. Picha hiyo imependwa kuliko karibu zote alizotoa, nayo imechorwa baada ya hasara, si kabla yake.

Mwaka wa 1953 alitoa tena picha ya hekalu lile, kwa agizo la halmashauri ya serikali iliyotaka ufundi huu uandikwe na kuhifadhiwa hatua kwa hatua. Alifariki mwezi wa Novemba 1957, akiwa ameacha picha zipatazo 600. Picha ya mwisho yaonyesha mtawa akipanda ngazi kwenye theluji kuelekea hekalu la Hiraizumi. Hasui hakuiona imekwisha. Wachongaji na wapiga chapa, wenzake wa siku nyingi, ndio walioimaliza.

Moto wa 1923 uliteketeza madaftari yake, lakini haukuteketeza mkono uliojua kazi, wala rafiki aliyemwambia: Nenda tena. Mtu akibakiwa na viwili hivyo, hajawa maskini bado.