Kushitaki Dhuluma ya Nyumbani si Kukosa Subira

Mwanamke anayepigwa na mumewe mara nyingi huambiwa avumilie, kwani siri ya ndoa haitolewi nje. Wengi hudhani hiyo ndiyo dini. Hebu tuangalie yaliyotokea Madina.

Abu Dawud na Ibn Majah wamepokea kutoka kwa Iyas bin Abdillah kwamba Mtume (s.a.w.) aliwakataza waume kuwapiga wake zao. Baadaye Umar (r.a.) alilalamika kuwa wanawake wamekuwa jeuri, ikatolewa ruhusa. Ndipo wanawake wengi, 70 kwa mapokezi ya Ibn Majah, wakazizunguka nyumba za Mtume, kila mmoja akimshitaki mumewe. Mtume hakuwaambia kuwa wametoa siri. Aliwalaumu waume, akabainisha kuwa hao si wabora wa umma. Jambo ambalo kila mmoja angelificha peke yake likasikika kwa kuwa walikwenda wengi.

Naye Habiba bint Sahl, mke wa Thabit bin Qays, alipigwa na mumewe hadi akaumizwa. Alfajiri alikuwa mlangoni kwa Mtume akijitetea mwenyewe. Thabit aliitwa, akarudishiwa mahari yake, wakaachana.

Mafakihi wameendelea kulichambua suala hili. Kwa Imam Malik, ikithibiti kuwa mume ndiye aliyemdhuru mkewe, talaka hupita na mali aliyoitoa mke ili kujikomboa hurudishwa kwake. Kwa hiyo ushahidi ni jambo kubwa.

Basi dada anayedhulumiwa afanye nini? Amweleze mtu anayemwamini, ahifadhi karatasi za hospitali, akumbuke tarehe na mashahidi, kisha aende kwa kadhi akijua anachokidai. Akihofia maisha yake, aondoke kwanza; usalama wake hausubiri hukumu. Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Kenya, sheria ya mwaka 2015 inaruhusu mahakama kutoa amri ya kumlinda.

Nasi jirani na jamaa tuna wajibu. Tumsikilize bila kumhukumu, tusiyatangaze aliyotueleza, tumshikie watoto, tumsindikize mahakamani. Aliyewahi kupita njia hiyo ndiye mwelekezi bora.

Subira ni kuthibiti katika haki. Kumwacha dhalimu aendelee hakumsaidii mke, wala hakumsaidii mume mbele ya Mola wake.

Wallahu a'lam.