Lori Linapoongezewa Tangi la Pili

Rhodesia ilipojitangazia uhuru wake Novemba 1965 na njia ya kusini ya mafuta ya Zambia ikafungwa, mafuta yalipakiwa kwenye mapipa na kupandishwa malorini kutoka Dar es Salaam. Barabara ya udongo waliyopita madereva hao iliua watu wengi mpaka ikabandikwa jina la Njia ya Jehanamu. Nafuu ilikuja 1968 bomba la TAZAMA lilipokamilika, kilomita 1,710 hadi Ndola. Tangu 2023 bomba hilo husafirisha dizeli iliyokwisha kusafishwa badala ya mafuta ghafi.

Ajabu ni kwamba lori linalotoka bandarini leo kwenda Lubumbashi hufuata takribani uelekeo uleule wa bomba, huku nalo limejibebea dizeli yake ubavuni. Sababu yake ni hesabu za tajiri. Bei kikomo ambazo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania, hutangaza kila mwezi hutofautiana mji kwa mji, na Dar es Salaam, mafuta yanakoshukia, huwa nafuu kuliko Tunduma mpakani, ambako gharama ya kuyasafirisha imekwisha kuongezwa juu ya kila lita. Ukivuka mpaka unakutana na bei nyingine na fedha nyingine. Mwenye lori anayeweza kujaza Dar na kuendelea bila kusimama anaokoa pesa, tena anapunguza idadi ya vituo ambavyo hajui mafuta yake yamechanganywa na nini.

Lori la tela lenye shehena kamili hula lita 1 kwa kila kilomita 2 hivi, kutegemea milima, injini na mguu wa dereva. Dar hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, kwa hiyo tangi la lita 400 halilifikishi gari mpakani. Safari nzima hadi Lubumbashi, kilomita 2,000 hivi, inataka lita 1,000 kwenda tu. Ndiyo maana tangi la pili likawa kitu cha kawaida kwenye njia hii. Lori la Dar na Morogoro halina haja nalo, hata kama jirani yake wa gereji analo.

Tangi lenyewe si jambo gumu. Sanduku la urefu wa mita 1, upana wa sentimita 65 na kimo cha sentimita 65 hubeba lita 422, na upande wa pili wa chasisi mara nyingi nafasi hiyo ipo. Ugumu unaanza kwenye mabomba.

Njia inayopendwa kwa urahisi wake ni kuyaunganisha matangi mawili kwa bomba moja chini, mafuta yajisawazishe yenyewe. Halihitaji umeme wala swichi. Lakini bomba hilo linapita chini kabisa ya gari, na jiwe moja likilipiga, matangi yote mawili yanamwaga. Gari likiegeshwa mahali palipoinama, mafuta ya upande wa juu yanahamia upande wa chini usiku kucha. Fundi makini huweka koki kila mwisho wa bomba na kulifunika kwa chuma.

Wengine huunga mipira miwili ya kunyonyea kwa kiungo cha njia tatu. Hapo balaa liko wazi: tangi moja likitangulia kukauka, injini inavuta upepo badala ya mafuta na kuzima, na kama bahati ni mbaya inazimia katikati ya mlima Kitonga. Kwa maoni ya mwandishi huyu, njia bora kwa lori la masafa marefu ni ya tatu: tangi la ziada liwe ghala tu, na pampu ndogo ya umeme ya volti 24 ihamishie mafuta kwenye tangi kuu linapofika nusu. Injini inabaki inalijua tangi moja tu, lile ililokuja nalo kutoka kiwandani. Lakini dereva akisahau swichi, tangi kuu linafurika, kwa hiyo kifaa cha kuizima pampu chenyewe kisiachwe kwa kubana matumizi.

Kosa linalowatesa wengi linatokana na jambo ambalo mwenye gari la petroli halifikirii. Pampu ya dizeli hupeleka kwenye injini mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na yanayobaki hurudi tangini yakiwa ya moto. Mtu akifunga koki ya kuchagua tangi la kunyonya, akasahau koki ya marejeo, injini inanyonya tangi la pili na kurudishia tangi la kwanza ambalo bado limejaa. Kilomita chache mbele mafuta yanatoka kwenye kifuniko na kumwagika barabarani, na mwenye pikipiki anayefuata nyuma ndiye anayeanguka. Koki ya kunyonya na koki ya marejeo zihame pamoja, daima.

Halafu kuna pumzi. Tangi linalotolewa mafuta lazima liingize hewa. Lisipopata, mvuto unajijenga ndani, pampu inahangaika na injini inapoteza nguvu taratibu, kiasi kwamba watu hubadilisha filta na hata nozeli kabla ya yeyote kufungua kifuniko na kusikia tangi likivuta hewa kwa nguvu. Nafasi ya kutanuka nayo inahitajika. Lita 400 za dizeli zikipata joto la nyuzi 20 zaidi huongezeka kwa lita 6 hadi 7. Kanuni za Marekani kwa magari ya biashara zinataka tangi liundwe lisiweze kujazwa kupita asilimia 95, na ni kipimo kizuri cha kuiga popote.

Kuhusu bati: alumini ni nyepesi lakini hupasuka pale mikanda inapoikaza bila mpira katikati. Chuma cha kawaida ni kizito na hushika kutu maji yakituama chini, kwa hiyo kiwe na kizibo cha kutolea maji. Bati lililopakwa zinki, lile la matangi ya maji ya nyumbani, lisitumike kabisa, kwa kuwa zinki huingiliana na dizeli na kuacha uchafu unaoziba nozeli. Ndani kuwe na kuta zenye matundu. Bila hizo, mafuta ya tangi lililo nusu hupiga kuta kila breki inapokanyagwa, na viungio vya kuchomelea ndivyo vinavyolipa.

Fundi asikubali kuchomelea tangi lililowahi kubeba mafuta kama halijasafishwa na kuondolewa mvuke wote. Tangi linaloonekana tupu ndilo la hatari zaidi, kwa sababu limejaa mvuke na hewa. Mafundi wamekufa kwa cheche moja.

Mwisho wa yote ni mizani. Lita 1 ya dizeli ina uzito wa gramu 840 hivi, kwa hiyo lita 400 ni kilo 336, na ukijumlisha tangi, mikanda na pampu unakaribia kilo 400. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitumia 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani, tani 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za kichwa na tani 24 kwenye ekseli tatu za tela, na jumla isizidi tani 56 kwa gari lolote. Tangi la kichwa hulemea ekseli za kichwa, si za tela. Lori linaweza kuwa ndani ya uzito wa jumla na bado likakamatwa kwenye mizani ya Vigwaza kwa sababu ya ekseli moja, na tajiri akaambulia faini iliyomeza nafuu yote ya bei ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo anayefunga tangi la pili alijaze, aliegeshe gari usiku mmoja na asubuhi akague kila kiungio kwa tochi. Kisha apime lori tupu likiwa na matangi yote mawili yamejaa, ekseli kwa ekseli, na uzito huo wa mafuta upunguzwe kwenye shehena kabla tani ya kwanza haijapakiwa.