Fahamu: Kwa nini albamu ya Taylor Swift ilizua ubishi wa namba

Aprili 19, 2024, albamu ya Taylor Swift, The Tortured Poets Department, ilisikilizwa zaidi ya mara milioni 300 kwenye Spotify kwa siku moja. Hakuna albamu iliyokuwa imewahi kufika hapo. Mashabiki wake walishangilia; wengine wakahoji: ni ubora au wingi wa nyimbo?

Swali lina msingi. Albamu ilitoka saa sita usiku, saa za New York, ikiwa na nyimbo 16. Saa nane akaongeza 15, zikawa 31. Spotify huhesabu wimbo ukishachezwa sekunde 30, kwa hiyo anayeipitia albamu yote mara moja tu anaacha hesabu 31. Mwezi uliofuata Billie Eilish alitoa Hit Me Hard and Soft yenye nyimbo 10. Mizani haikuwa sawa.

Chati ya Billboard nayo ilikuwa na kanuni yake: nyimbo zikichezwa mara 1,250 na wanaolipia, au 3,750 na wasiolipia, ni sawa na albamu moja iliyouzwa. Wiki ya kwanza Marekani, Swift alipata milioni 2.61 kwa hesabu hiyo. Lakini takriban milioni 1.9 zilinunuliwa kabisa, zikiwemo CD na santuri, baadhi kwa matoleo yenye wimbo wa ziada tofauti. Wapo walionunua zaidi ya toleo moja.

Wingi wa nyimbo ulimsaidia, ndiyo. Ila hata ukiuondoa, bado angeongoza chati.