Gurudumu la Nyuma Lisiyumbe

Anayeagiza mikono mipya ya sasipensheni ya nyuma kwa ajili ya gari la michezo huuliza kwanza kama itakuwa na nguvu na kama itakuwa myepesi. Swali linalostahili kutangulia ni jingine: je, mkono huo utaliweka gurudumu katika mwelekeo uleule gari likikata kona, likifunga breki, likiongezwa mafuta? Chukua Datsun 240Z ya Japani, ambayo mafundi wa nchi nyingi huitengenezea mikono ya aina hii. Kila gurudumu la nyuma lina nguzo ya shokomzoba na springi, na chini yake mkono mpana ulioshikwa kwa bushi mbili za mpira. Nguzo hubeba uzito, lakini mkono ndio unaoamua tairi litazame wapi, na kiwanda hakikuweka njia ya kurekebisha mwelekeo huo.

Tuseme bushi hizo zimeachana milimita 300. Moja ikibonyea milimita 1 zaidi ya mwenzake, gurudumu hugeuka takriban digrii 0.2, kiasi kinachotosha kuvuruga alaimenti nzima ya nyuma. Injini inaposukuma, mkono huvutika mbele, pua ya tairi huingia ndani na gari hutulia. Dereva akiachia mafuta au akikanyaga breki katikati ya kona, nguvu hugeuka, pua ya tairi hutoka nje, na mkia huanza kuteleza pale pale anapouhitaji ushike.

Wengi hapa hukimbilia chuma ghali chenye kromi na molibdeni. Kweli hustahimili mzigo mkubwa zaidi kabla ya kukatika, ila chini ya mzigo uleule hupinda sawasawa na chuma cha kawaida, maana ukakamavu wa vyote viwili ni gigapaskali 200 hivi. Alumini ina kama theluthi yake. Ukakamavu wa ziada hutoka kwenye umbo. Bomba lenye ukuta mwembamba likiongezwa kipenyo mara mbili, unene wa ukuta ukibaki vilevile, huwa zito mara mbili lakini hukataa kupinda mara nane hivi. Bora zaidi ni kuyapanga mabomba kwa pembetatu, kwa kuwa pembetatu haibadiliki umbo mpaka upande wake mmoja urefuke au ufupike, na bomba hustahimili kuvutwa na kusukumwa kuliko kupindwa.

Atakayesema mkono unaokatika huua, kwa hiyo nguvu itangulie, ana hoja nzito. Lakini mikono hii kwa kawaida haikatiki katikati ya bomba. Huachia kandokando ya weldi, au kwenye nyuzi za viungo vya tufe mfano wa tairodi, baada ya kupindwapindwa mara nyingi kwa mizigo isiyotisha. Mkono usiopinda huzipunguzia sehemu hizo adha, mradi kila kiungo kivutwe na kusukumwa kwa urefu wake tu na bolti yake ishikwe pande zote mbili. Weldi nayo hujikunyata inapopoa na kulivuta bomba, hivyo vipande vifungwe kwenye kiunzi imara wakati wa kuchomelea, na matundu ya bushi yakamilishwe baadaye.

Kuna pia pingamizi la historia: Datsun 240Z ilishinda East African Safari Rally mwaka 1971 na 1973, sasa kwa nini kuigusa sasipensheni yake? Kwa sababu anayeagiza mikono mipya huwa amelishusha gari na kulivika matairi mapana. Pembe za mkono si zile tena, na mzigo wa kona umezidi. Wala mpira si adui. Porsche walipoleta 928 mwaka 1977, waliupanga ulegevu wa viungo vya nyuma makusudi ili pua ya tairi iingie ndani dereva anapoachia mafuta. Anayeondoa mpira na kuweka chuma hujitwika kazi hiyo yote, pamoja na kelele na mtikisiko utakaopanda hadi kwenye kiti.

Ndiyo maana kipimo kitangulie weldi ya mwisho. Toa springi, inua gurudumu milimita 10 kwa hatua, na kila hatua pima umbali wa pua na wa kisogo cha rimu kutoka mstari uleule wa kando. Tofauti ikibadilika gurudumu linapopanda, sogeza vishikio vya mkono, usibadilishe urefu wake pekee, kisha upime upya.