Masikio yamesimama, lakini si berger: kwa nini watu wanakosea aina ya mbwa

Mtu anayepita na mbwa wake kwa kamba asubuhi, iwe Katindo mjini Goma au kwenye mteremko wa Nguba mjini Bukavu, hafiki mbali bila kuulizwa. "Ile iko berger, kweli?" Akijibu kwamba hapana, ni mbwa wa hapa tu, mama yake alitoka kijijini, muulizaji hakubali. "Unaficha. Angalia masikio." Mbele kidogo mwingine anavuka barabara kwa woga kwa sababu ameona "mbwa ya polisi". Wa tatu anauliza mtoto wake atauzwa dola ngapi. Mbwa ni yule yule, na wote watatu wamekosea.

Mambo haya yanachekesha, lakini yana bei. Kuna watu wanaotoa pesa nyingi kununua mtoto wa mbwa ambaye si aina waliyoambiwa. Kuna wengine wanaoumwa na mbwa, kisha wanakataa kwenda hospitali kwa sababu "ile ni mbwa ya muzungu, haina ugonjwa". Inafaa kueleza kwa nini macho yetu yanadanganyika hivi.

Tuanze na berger allemand mwenyewe, kwani ndiye kila mtu anadhani anamjua. Watu wanaangalia vitu viwili: masikio yaliyosimama, na rangi ya kahawia yenye mgongo mweusi. Sasa, masikio yaliyosimama si mali ya berger. Mbwa wengi wa vijiji vyetu, kutoka Ituri mpaka Maniema, wanazaliwa katika jamii ambayo masikio yake yanasimama tangu zamani, kabla Mzungu hajaleta mbwa wake. Na ile rangi ya mgongo mweusi inapatikana kwa mbwa wa aina nyingi ambazo hazina ujamaa wowote na Ujerumani.

Halafu yuko malinois, ambaye karibu kila mtu anamwita berger allemand. Yeye ni wa Ubelgiji, jina lake limetoka mji wa Malines. Ni mwepesi kuliko Mjerumani, nywele zake fupi za rangi ya mchanga, uso mweusi, mgongo umenyooka. Berger allemand dume mkubwa anafika kilo 30 hadi 40, na mgongo wake unateremka kuelekea mkia. Wakisimama pamoja tofauti inaonekana wazi. Akipita mmoja peke yake, jioni, nyuma ya geti la mtu tajiri, nani ataona?

Na neno "mbwa ya polisi" lenyewe linapoteza watu. Katika Hifadhi ya Virunga, kwenye makao makuu ya Rumangabo, tangu 2011 kuna kikosi cha mbwa wanaosaidia walinzi kufuata nyayo za majangili. Mbwa walioanza kazi ile ni wa aina ya Saint-Hubert: masikio marefu yanayoning'inia, ngozi ya uso imekunjamana, macho ya huzuni kama mtu aliyefiwa. Apitishwe Birere bila gari la hifadhi, hakuna atakayekimbia. Watoto watamcheka. Kumbe ndiye anayeweza kufuata harufu ya mtu porini kwa muda mrefu.

Wanaouza watoto wa mbwa barabarani wanajua vizuri udhaifu huu wa macho yetu. Mtoto wa mbwa wa mwezi mmoja na nusu hana sura kamili. Karibu watoto wote, hata berger wa kweli, wanazaliwa masikio yameanguka. Ya berger yanasimama polepole, mara nyingi kati ya miezi mitatu na mitano. Kwa hiyo muuzaji anakuambia "ngojea, yatasimama". Yakisimama, unasema aliongea kweli. Yasiposimama, muuzaji hayupo tena pale. Na hata yakisimama, hayajathibitisha kitu, kwa sababu ya mbwa wa kijiji nayo yanasimama.

Shida kubwa zaidi iko ndani ya damu, na hapa kuna hadithi ambayo mbwa wa Congo wana sehemu yake. Huko Marekani, kwenye maabara ya Bar Harbor katika jimbo la Maine, wataalamu wawili, John Paul Scott na John Fuller, walichunguza mbwa kwa miaka mingi na kutoa kitabu chao mwaka 1965. Katika majaribio yao walizalisha aina mbili pamoja: cocker, yule mbwa wa Kizungu mwenye nywele ndefu na masikio makubwa yanayoanguka, na basenji, mbwa mdogo aliyetoka kwetu Congo, masikio juu, mkia umejikunja mgongoni. Watoto waliozaliwa hawakuonekana kama nusu ya huyu na nusu ya yule. Zile nywele ndefu za cocker zilipotea. Watoto wale walipozaa wao kwa wao, kizazi kilichofuata kila mmoja alikuja na sura yake, na wengine usingedhani hata kidogo kwamba babu yao ni cocker au basenji.

Sababu inaeleweka. Mbwa ana jeni karibu 20,000, yaani zile chembe za urithi anazopewa na baba na mama. Lakini sura tunayoiona barabarani, kama urefu wa nywele, rangi, masikio na ukubwa wa mwili, kwa sehemu kubwa inaamuliwa na jeni chache tu. Na jeni nyingine zinafunika zenzake: mbwa anaweza kubeba nywele ndefu za mama yake bila kuzionyesha, akaja kuzitoa kwa mjukuu. Mtu anayesema "huyu ni nusu berger" kwa kuangalia tu, anasoma kurasa mbili za kitabu kikubwa.

Wengine watasema kwamba munganga wa wanyama hawezi kukosea. Anaweza. Mwaka 2009 mtafiti Victoria Voith na wenzake huko Marekani walichukua mbwa 20 waliotoka kwenye vituo vya kulelea mbwa, wakalinganisha aina zilizoandikwa na watu wa vituo na majibu ya kipimo cha ADN. Kwa mbwa waliokuwa wametajiwa aina, asilimia 87.5 walikosa kwenye damu aina moja au zaidi ya zile zilizoandikwa. Mwaka 2013 walirudia kazi ile kwa kuonyesha video za mbwa 20 kwa watu zaidi ya 900, wote wanaofanya kazi na wanyama, wakiwemo waganga wa wanyama. Kwa mbwa 14 kati ya 20, chini ya nusu ya watu wale walitaja aina inayolingana na ADN. Sasa sisi wengine wa barabarani, tunaopita tukiwa juu ya moto, tutapata?

Lakini kosa linaloumiza zaidi kwetu ni lile la upande mwingine: kumwita mbwa wetu "bila aina".

Lile jina basenji tumelisikia hapo juu. Linatoka Lingala, ni wingi wa mosenji, na ni ndugu ya neno letu mshenzi. Wazee wanakumbuka lilivyotumika wakati wa Wabelgiji: kulikuwa na "évolué", na kulikuwa na basenji, watu wa porini. Mbwa wa watu wa porini wakaitwa hivyo pia. Wazungu wakawapeleka Ulaya. Mwaka 1895 waliwaonyesha wawili London kwenye maonyesho ya Crufts, wengine wakiwaita "terrier wa Congo". Walikufa haraka kwa ugonjwa wa Carré. Walifaulu kuwazalisha Uingereza miaka ya 1930, na mwaka 1937 walipoonyeshwa tena Crufts watu walijaa kuwaona. Leo mtu wa Ulaya au Marekani anayetaka basenji anatafuta mfugaji, anaandikishwa, anangoja zamu. Na anapotembea naye, kufuatana na maelezo ya wenye mbwa hao, anaulizwa na wapita njia kama ni shiba wa Japani, kama ni mchanganyiko wa chihuahua, kama ni mbweha mdogo. Mara chache sana mtu atasema: huyu ametoka Congo.

Wafugaji wa kule waliona pia kwamba damu ya mbwa wao inachoka, kwa sababu wote walitoka kwa mababu wachache na ugonjwa wa figo wa kurithi ulikuwa unaenea. Ndipo mwaka 1987 na 1988 Wamarekani walirudi kaskazini-mashariki ya nchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaire, kuchukua mbwa wa vijijini. Mwaka 1990 American Kennel Club ilifungua kitabu chake cha ukoo kuwaingiza. Yaani mbwa ambao hapa tunawatupia mawe, kule waliandikwa kama damu safi ya kuokoa aina nzima.

Basenji ana alama zake: dume ana kimo cha sentimeta 43 hivi begani, uzito kilo 11, paji la uso lenye mikunjo, mkia uliojikunja. Jike anapata joto mara moja kwa mwaka, wakati mbwa wengine wengi ni mara mbili. Habweki ovyo kama wengine. Anatoa sauti fulani kama ya kuimba. Ndiyo maana wawindaji wa Ituri wanamfunga kengele ya mti shingoni, wapate kujua yuko wapi msituni.

Hapo tena lazima kuangalia, maana kuna watu siku hizi wanaoona mkia umejikunja Butembo na kusema "ni basenji, nitamuuza kwa wageni". Si kila mkia. Mbwa wa kijiji ni jamii kubwa, na basenji ni tawi moja lililochaguliwa ndani yake. Mwaka 2009 Adam Boyko na wenzake walichapisha uchunguzi wa mbwa wa vijiji 318 wa Misri, Uganda na Namibia. Waliona kwamba mbwa wa jirani zetu wa Uganda karibu wote ni wa asili ya Afrika, bila damu nyingi ya Ulaya, na kwamba basenji anaingia katika kundi lao. Kwa hiyo ukimwambia mtu kwamba mbwa wake wa hapa ni "mchanganyiko", unakosea pia. Mchanganyiko wa nini na nini? Hao walikuwepo kabla ya zile aina za Ulaya kuandikwa kwenye vitabu.

Sasa turudi kwenye ile bei tuliyosema mwanzoni. Wengi wananunua "berger" ili alinde parsele, wakiamini ukali unakuja pamoja na jina. Mwaka 2022 jarida la Science lilitoa uchunguzi uliohusu mbwa zaidi ya 18,000: aina inaeleza asilimia 9 hivi tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo anayenunua afadhali aombe kumuona mama wa mtoto, ajue analishwa vipi, anaishi na watoto au amefungwa mnyororo mchana kutwa. Asiyeonyeshwa mama, awe na mashaka.

Na kuumwa. Kichaa cha mbwa, ile watu wengi wanaita rage, hakiangalii ukoo. Kinapita kwa mate. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linasema asilimia 99 ya watu wanaokipata wameambukizwa na mbwa, na kati ya wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Alama zikishaanza kwa mtu, ni kifo karibu kila mara. Mbwa mweupe mwenye nywele nzuri wa nyumba ya ghorofa, asiyechanjwa, anaweza kukipata sawa na yule wa sokoni. Na mbwa wa sokoni aliyechanjwa ana kinga kuliko berger asiyechanjwa. Swali la kuuliza mwenye mbwa si "iko aina gani?" bali "kadi yake ya chanjo iko wapi, na ni ya tarehe gani?"

Aliyeumwa, hata kama jeraha ni mkwaruzo, aoshe pale pale kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, saa mkononi, kwa sababu dakika 15 ni ndefu kuliko watu wanavyodhani. Jiwe jeusi, pilipili, mafuta ya gari, vyote viachwe. Kisha aende kituo cha afya siku ile ile kwa ajili ya chanjo, na arudi kila tarehe atakayopewa, kwani sindano moja haitoshi. Ugonjwa unaweza kulala mwilini miezi miwili au mitatu kabla ya kuonekana, kwa hiyo kujisikia vizuri wiki ya pili si dalili ya kupona. Kama mbwa anajulikana, asiuawe kwa hasira: afungwe na kuangaliwa kwa siku 10, huku aliyeumwa akiendelea na matibabu, na munganga wa wanyama apewe habari. Akibaki mzima siku zote 10, munganga wa kituo ndiye ataamua kama sindano zilizobaki zinasimamishwa.