Gari kulia "tak" bila kuwaka

Gari kulia "tak" bila kuwaka ni hitilafu ya kawaida ambapo dereva anazungusha ufunguo, unasikika mlio mfupi kutoka upande wa injini, lakini injini haizunguki. Kwa kawaida chanzo ni betri iliyoishiwa chaji, vichwa vya betri vilivyolegea au kuota kutu, au starta iliyochakaa. Kutambua chanzo kabla ya kununua kifaa kipya huokoa fedha. Mbali na gereji, huamua pia kama abiria au mgonjwa atafika mapema au atalala njiani.

Jinsi starta inavyofanya kazi

Starta ni mota ya umeme inayozungusha injini hadi ianze kujiendesha. Katika gari dogo hutumia zaidi ya ampea 100 kwa sekunde chache, na katika injini kubwa za dizeli zaidi ya hapo. Umeme mwingi hivyo hauwezi kupita kwenye swichi ya ufunguo. Kwa sababu hiyo ufunguo hupeleka umeme kidogo kwenye selenoidi, yaani sumaku ya umeme iliyofungwa juu ya starta. Sumaku hiyo huvuta chuma ambacho hufanya kazi mbili: husukuma gia ndogo ya starta ishike meno ya gurudumu la injini, na huunganisha vipande viwili vya shaba ili umeme mkubwa upite.

Mlio wa "tak" ni sauti ya chuma hicho kikivutwa. Hivyo ukisikika kwenye starta, unaonyesha kwamba umeme mdogo kutoka kwenye ufunguo umefika. Tatizo huwa upande wa umeme mkubwa: betri, nyaya nene, au starta yenyewe.

Maana ya milio

* Mlio wa haraka unaojirudia ("tak-tak-tak-tak"): mara nyingi betri ni dhaifu au viungo vyake ni vibovu. Shaba zikigusana, volti hushuka ghafla na sumaku huachia. Volti zikipanda tena, sumaku huvuta upya.
* Mlio mmoja mzito: huenda vipande vya shaba vimelika, brashi za kaboni zimeisha, au starta imekwama. Betri iliyochoka sana inaweza kutoa mlio huohuo.
* Hakuna mlio wowote: chunguza fyuzi, rilei, swichi ya ufunguo na betri iliyokufa kabisa. Kwenye gari la otomatiki, hakikisha gia iko kwenye P au N.
* Injini inazunguka vizuri lakini haiwaki: starta ni nzima, tatizo liko kwenye mafuta au plagi.

Kupima bila vifaa vingi

Washa taa kubwa, kisha jaribu kuwasha gari huku mtu mwingine akizitazama. Taa zikififia sana au kuzimika, shuku betri na viungo vyake. Zikibaki na mwanga uleule huku mlio ukisikika, shuku starta.

Hatua inayofuata ni kushika vichwa vya betri na kujaribu kuvizungusha kwa mkono wakati gari limezimwa. Kikizunguka, kimelegea. Unga mweupe au wa kijani huzuia umeme. Huondolewa kwa maji ya uvuguvugu yenye magadi na brashi ya waya. Waya wa hasi hufunguliwa kwanza na kurudishwa mwisho. Waya unaounganisha hasi na bodi au injini nao ukaguliwe, kwa kuwa umeme wote wa starta hurudi kwa njia hiyo.

Kwa kutumia mita, betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha takriban volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ikikaribia volti 12.0, karibu imeisha. Gari likishawaka, mita ionyeshe kati ya volti 13.5 na 14.5, ikibaki chini ya hapo, huenda altaneta haichaji, na betri mpya nayo itaisha.

Kugonga starta kidogo kwa nyundo ndogo huweza kuamsha brashi zilizokwama, lakini ni msaada wa kufika gereji tu. Katika starta nyingi, fundi umeme wa magari anaweza kubadilisha brashi au vipande vya shaba pekee bila kununua starta nzima.

Kushtua betri

Magari yote mawili yazimwe kwanza. Waya mwekundu huunganishwa kwenye chanya ya betri iliyoisha, kisha chanya ya betri nzima. Waya mweusi huunganishwa kwenye hasi ya betri nzima, na ncha yake ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Sababu ni kwamba betri hutoa gesi ya hidrojeni, na cheche ikitokea karibu nayo inaweza kuilipua. Gari zima huwashwa kwanza, kisha lile bovu. Baadaye nyaya huondolewa kwa kufuata mpangilio kinyume.

Katika mazingira ya Tabora

Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, na hadi leo safari za huko ni ndefu. Barabara ya kwenda Mpanda kupitia Sikonge, kwa mfano, hupita sehemu kubwa ya misitu ya miombo. Katika kata kama Ntalikwa au njiani, anayeweza kusaidia mara nyingi ni lori linalopita. Hapo tahadhari inahitajika: malori mengi hutumia volti 24, na kuliunganisha moja kwa moja na gari dogo la volti 12 huweza kuunguza vifaa vyake vya umeme au kulipua betri.

Kusukuma gari husaidia kwenye gia za kawaida tu: swichi ikiwa imewashwa, dereva huweka gia ya pili, hukanyaga klachi, kisha huiachia gari likishika mwendo. Magari mengi ya mitumba kutoka Japani ni ya otomatiki. Pampu ya gia yao haifanyi kazi injini ikiwa imezimwa, hivyo kuyasukuma hakuyawashi.

Joto nalo hufupisha maisha ya betri, kwa kuharakisha kutu ya ndani na kukausha maji. Betri zenye vifuniko vya kufungua zikaguliwe mara kwa mara, hasa Septemba na Oktoba, na ziongezwe maji yaliyokenekwa, si asidi wala maji ya kisima.